Mto Niliousoma Nikiwa Sokoni

Kusoma mto ni kuchuchumaa. Naanza na hilo kwa sababu nyie vijana mliokuja mwezi uliopita kufunga lile sanduku lenu la kupima maji mlisimama wima ukingoni na suruali zenu safi, mkachungulia chini kama watu waliodondosha funguo. Ukisimama, maji yanakudanganya. Bao la kipimo, ile mbao ndefu yenye mistari na namba iliyosimikwa ndani ya mto, ukilitazama kutoka juu litakupa namba isiyo yake. Lazima ushuke, uchuchumae mpaka jicho liwe sawa na maji, utulie, uyaache mawimbi yapande na kushuka mara tatu nne, halafu uchukue ya katikati. Magoti yakiuma ndiyo kazi yenyewe. Mimi nimechuchumaa mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo nikipiga magoti kanisani inabidi watu wawili waniinue.

Jina langu Skolastika, hapa mlimani wananiita Mama Skola. Nilikuwa msoma kipimo wa mto Luhembe, huu mto mdogo unaotoka juu huko Uluguru ukashuka kuelekea Morogoro mjini na kwenda kuingia Ngerengere. Kazi yangu ilikuwa kuandika kitabuni maji yamefika mstari gani, basi. Neema, binti anayewaongoza nyie, aliniomba niandike mawili matatu ya kazi ile ili wanaoanza wasome. Nimekubali. Naandika kwa penseli, msishangae, mtu wa mto haandiki kwa kalamu ya wino. Tone moja tu la maji na siku yako nzima imefutika.

Lakini nina jambo langu na nyie, na bora nilitangulize. Siku ile Neema alifungua kompyuta juu ya meza yangu, akanionyesha mstari wa mto Luhembe wa miaka yote niliyousoma. Akanigusa bega. "Bibi, ona hapa. Miaka ya mwanzo ya soko huria mto ulikuwa bado mzima kabisa. Umeanza kupungua baadaye, hapa." Alikuwa amefurahi, maana pembeni ya mstari kuna jina langu. Mimi nikasema, "Eti eeh," nikammiminia chai. Ule mstari, wanangu, una kipande cha uongo, na uongo huo ni wa mkono wangu. Nataka mkitoe. Nikiwaambia mkitoe tu bila maelezo mtasema bibi kazeeka, kwa hiyo itabidi mnivumilie.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pius, msoma kipimo aliyenitangulia, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ofisi ya maji ikamwagiza atafute mtu wa hapa hapa kijijini anayejua kusoma na kuandika, na asiwe mlevi. Wanaume wengi waliangukia hapo kwenye ulevi. Mimi nilikuwa na darasa la saba langu, nimerudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda, na kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama, kwa hiyo nilikuwa na shamba, nina nyumba, na sina safari. Mzee Pius akasema, "Huyu hatoroki."

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya kuudhi. Anasoma yeye kwanza, anapanda juu, ananipa mgongo. Mimi nashuka, nachuchumaa, nataja namba. Nikipatia, ananyamaza. Nikikosea, anakohoa. Hasemi nimekosea wapi, anakohoa tu, narudi chini. Kuna asubuhi alikohoa mpaka nikamwuliza kama ana kifua. Akanijibu kwamba kifua chake hakina tatizo lolote.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa la masika. Pale kituoni mabao yalikuwa mawili, la chini la kiangazi na la juu linaloendelea pale la chini linapoishia. Maji yalipopanda yakafunika bao la chini, mimi nikasoma la juu nikasahau kujumlisha. Siku mto uliposomba daraja letu la magogo pamoja na nguruwe wawili wa jirani, kitabu changu kilionyesha maji ya kuvukia miguu mikavu. Ofisi ikaleta barua kuuliza kama huku mlimani kuna mtu ameuziba mto. Mzee Pius alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na koti lake. Alipomaliza kucheka akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Skola, andika ulichokiona. Usiandike unachodhani, wala usiandike cha jana. Macho ya watu yanasahau, ndiyo maana kuna kitabu."

Alinifundisha na chungwa pia. Fundi wa ofisi alikuwa na mashine yenye pangaboi dogo la kuzunguka majini, ya kujua mto unakwenda kasi gani. Asipofika, Mzee Pius anasimika vijiti viwili ukingoni, hatua ishirini kati yake, anatupa chungwa majini juu ya kijiti cha kwanza na kuhesabu mpaka lifike cha pili. Kwa nini chungwa na si jani? Jani linasukumwa na upepo, ukilifuata utaupima upepo. Chungwa linazama karibu lote, linakwenda na maji yenyewe. Unatupa mara tatu. Ya tatu ukishalidaka unalimenya. Nyie na sanduku lenu hamjui utamu wa chungwa hilo.

Basi, ikaja soko huria. Nyie mmezaliwa maduka yamejaa, hamuwezi kujua. Sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Mpira wa kumwagilia, ule wa plastiki mweusi, huku tuliuona kwenye bustani ya misheni tu, na tukipita tuliutazama. Mara ikawa ruksa. Kila mwenye mtaji analeta anachotaka, kila mwenye lori ananunua anapotaka. Mipira ikawa inauzwa Morogoro sokoni imeviringishwa kama chapati, mirefu hujui mwisho wake. Na malori ya Dar es Salaam yakawa yanasubiri mboga pale pale sokoni alfajiri, kabichi, karoti, njegere, liki, chochote kinachostawi kwenye baridi yetu. Wanunuzi hawakuuliza umelima wapi. Watu wakashuka kulima mabondeni mpaka maji yanawalowesha miguu, wakapanda juu kulima kwenye vyanzo, pale ambapo zamani lukolo, yaani ukoo wetu wa mama, haukuruhusu hata kuchota maji kwa sufuria lenye masizi. Miti ya bondeni ilikatwa kwa kiangazi kimoja. Sikulaumu mtu wakati ule na silaumu sasa. Kwa mara ya kwanza mtu wa mlimani alikuwa anaezeka nyumba kwa bati kwa jasho la kabichi.

Mdogo wangu Agata alikuwa na bustani nzuri kuliko zote. Ilikuwa bondeni, chini kidogo ya kipimo changu, na aliinywesha kwa mfereji mdogo aliouchimba mwenyewe kwa jembe. Agata ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mume wake alikuwa mgonjwa wa mgongo, watoto wanne, wote wanakula kwenye ile bustani. Siku za soko, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mimi na yeye tulikuwa tunatoka kabla hakujapambazuka, matenga kichwani, tunashuka mpaka mjini kwa miguu, tunauza, tunanunua chumvi na mafuta ya taa, tunapanda. Tukifika nyumbani jua limezama.

Sasa nyie mliosoma hesabu mmeshaona tatizo. Jumanne saa tatu asubuhi Mama Skola yuko sokoni Morogoro anagombana na dalali. Nani anausoma mto?

Mwanzoni nilijiambia ni siku tatu tu. Ofisini nako mambo yalikuwa yamelegea. Watu walipunguzwa kazi, gari lililokuwa linakuja kukagua likakosa mafuta, fundi mwenye mashine ya pangaboi akaondoka akafungua duka. Mzee Pius alikuwa ameshafariki, hakuna wa kukohoa. Karatasi za mwezi nilikuwa nazipeleka ofisini mwenyewe siku ya soko, chini ya kabichi kwenye tenga, na wakati mwingine nilimkuta mlinzi peke yake. Nikawa najaza zile siku nilizokosa kwa kufungua kitabu cha mwaka uliopita. Jumanne ya wiki hii, natazama wiki hii hii ya mwaka jana, nanakili. Wala sikuona ni uongo. Nilijiambia kiangazi ni kiangazi, mto ni ule ule, unapungua mwezi huu kila mwaka na kurudi mwezi ule, nimeusoma miaka yote hiyo naujua kama mkono wangu. Nilikuwa namkopa mto wa mwaka jana kidogo, nitamrudishia.

Kilichonipeleka shimoni ni hizo siku nyingine nne. Jumatatu nachuchumaa mwenyewe, maji yako chini. Jumanne ya kunakili yako juu. Jumatano chini tena. Kitabu kikawa kinaruka ruka kama chura, na mtu yeyote wa ofisini angekifungua angejua kuna mchezo. Wanangu, nilikaa jikoni na penseli na kifutio nikazitazama zile namba mbili kwa muda mrefu, za kweli na za kuazima. Nikafuta za kweli. Nikazirekebisha zifanane na za uongo, kwa sababu za uongo zilikuwa zimekaa vizuri kwenye mstari. Baada ya hapo ya nini kushuka tena mtoni kuumiza magoti? Nikaacha. Kiangazi kile chote, na masika yake, na kiangazi kilichofuata, mto Luhembe niliusoma nikiwa sokoni au jikoni.

Huku juu kulikuwa na mtu mmoja, Hamisi. Msimfikirie vibaya mpaka mnisikie. Alikuwa mtu wa bara, fundi wa mabomba kwenye kiwanda kimoja mjini, kiwanda kikapunguza watu, akatoka na watoto watano na boksi la spana. Akapanda mlimani, akakodi kwa mjomba wetu kipande cha juu kabisa karibu na vyanzo. Mjomba alimpa kwa sababu watoto wake mwenyewe walishaingia mjini, na ada za shule zilikuwa zimerudi. Hamisi alikuwa na adabu, akikukuta njiani anaweka mzigo chini kwanza ndipo anakuamkia. Na bomba alikuwa analijua. Sisi tulikuwa tunachimba mifereji inayovuja, yeye akajenga kijibwawa cha mawe na mifuko ya mchanga, akatoa mpira mmoja. Mavuno yake yakawa mazuri, akaongeza wa pili. Wenzake wakamwita awafungie na wao. Kila mtu alikuwa na mpira mmoja tu, miwili basi. Ukimwuliza yeyote atakuambia wake hauwezi kukausha mto, na ni kweli, wake peke yake usingeweza. Kabichi zake mimi ndiye nilikuwa namshushia sokoni pamoja na zangu, lazima niliseme na hilo.

Mnaniambia dunia nzima maji matamu yanakuwa haba, na Neema ana picha za nchi ambazo sijawahi kuzisikia. Sizijui nchi hizo. Ninachojua, kabichi ni maji. Ikamue uone. Tulikuwa tunaupakia mto Luhembe kwenye malori, unapita Mikese, unakwenda kuliwa Dar es Salaam na mtu ambaye hajui kama kuna mto unaitwa hivyo. Huku nyuma miti iliyokuwa inaishikilia ile mvua imekuwa kuni na mbao. Nadhani hata hizo nchi nyingine, ukienda ukachuchumaa, utakuta ni mambo ya namna hiyo hiyo.

Kiangazi cha pili mfereji wa Agata ukakauka. Maji yalikuwa yanafika alfajiri kidogo, Hamisi na wenzake wakiamka yanakatika. Agata hakugombana na mtu. Alipanda akazungumza na Hamisi, akarudi akaniambia, "Dada, yule si mtu mbaya, ila anasema hawezi kufunga mipira yake kwa kuambiwa na mimi. Lazima iwe zamu kwa wote, na zamu lazima atoke mtu wa serikali aiseme." Akawakusanya wanawake wa bondeni, wakaandika barua. Mjini nako maji ya bomba yalikuwa yanatoka siku moja moja, wakubwa walikuwa wanatafuta pa kulaumu, kwa hiyo barua ilijibiwa haraka. Afisa wa maji angekuja.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la tatu, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni. Afisa alikuwa kijana, amekuja na gari la kuazima ambalo lilitakiwa kurudi mchana. Aliniamkia mbele ya wote, "Shikamoo Mama Skola," akaniweka kiti kando yake kama mtu wa ofisi. Agata alisimama akaeleza. Alieleza vizuri, pole pole, mikono nyuma. Maji yamepungua kuliko kiangazi chochote tunachokumbuka, tunaomba mipira ifungwe siku tatu kwa wiki, wa juu wamwagilie na wa chini wamwagilie.

Afisa akafungua begi akatoa karatasi. Nilizijua kabla hajazifungua, zilikuwa na alama ya unyevu ya kabichi.

"Mama zangu," akasema, "nina uwezo wa kuagiza zamu hata leo, lakini sharti mto uwe umepungua kweli, tuulinganishe na mwaka jana. Huwezi kumfungia mtu maji kwa maneno matupu. Kila kiangazi watu wanasema mto haujawahi kuwa hivi. Macho ya watu yanasahau, ndiyo maana kuna kitabu." Hayo maneno ya Mzee Pius yalikuwa yamefika mpaka ofisini, nadhani aliwaambia wengi. "Na kitabu kinasema mto uko vile vile. Karibu sawa kabisa na mwaka jana. Kwa hiyo tatizo si mto. Tatizo ni bustani mmeziongeza huku chini."

Mwanamke mmoja akasema, "Twende tukauone basi, ni hapo bondeni." Afisa akatazama saa, akatazama viatu vyake, akatazama dirishani lile bonde lilivyo na mteremko. Akanigeukia. "Mama Skola, namba hizi ni zako?"

Darasa lote likanitazama. Agata alikuwa bado amesimama. Alinitazama na yeye, bila hasira, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya tenga ili waondoke.

Nikasema, "Ni zangu."

Hamisi akashusha pumzi. Hakucheka, hakutamba, alisema tu kwa sauti ndogo, "Mnaona jamani, mimi sijamwibia mtu, hata kitabu kinasema." Agata akakaa. Mimi nikajikausha pale kwenye kiti cha ofisi. Nilikuwa naogopa aibu, hakuna sababu nyingine ya kuipamba. Kuanguka mbele ya kijiji kizima, Mama Skola asiye mlevi, Mama Skola wa saa tatu kamili, kulinitisha kuliko bustani ya mdogo wangu.

Watu walipotawanyika nilishuka mtoni. Ilikuwa miezi sijashuka. Bao la chini lilikuwa limesimama kwenye mchanga mkavu. Lote, mpaka lile zege la chini ambalo sikuwahi kuliona tangu nilipoajiriwa. Maji yalikuwa yamehamia pembeni, kijito cha upana wa kanga iliyokunjwa, hakigusi bao kabisa. Sikuchuchumaa, hakukuwa na cha kuchuchumalia. Nilikaa kwenye jiwe la Mzee Pius nikalia mpaka kichwa kikauma. Halafu nikapanda nyumbani, na mkinisikia mtajua mtu anaweza kufika wapi, nikafungua kitabu cha mwaka jana nikanakili. Sentimita thelathini na moja.

Agata alibeba maji kwa ndoo wiki mbili. Nilimsaidia, tulikuwa tunapishana njiani na ndoo kichwani. Kabichi zilifunga ndogo kama ngumi kisha zikapasuka. Akazing'oa akawapa nguruwe, akafunga nyumba, akaondoka na mume mgonjwa na watoto kwenda Turiani kupalilia miwa ya watu. Siku anaondoka alinikumbatia akasema, "Baki salama, dada." Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa nimechuchumaa mtoni, na tangu siku hiyo sikukosa tena hata siku moja. Soko niliacha. Kiangazi kilichofuata mipira ya Hamisi nayo ikaanza kuvuta upepo, akahama na boksi lake la spana, nikasikia yuko Mikese barabarani anauza mkaa.

Kwa hiyo Neema, mjukuu wangu, pale kwenye mstari wako unaposema mto ulianza kupungua, hapo ndipo mimi nilipoanza kusema kweli. Mto ulikuwa umeshaanguka zamani. Nyie mnakwenda kutafuta chanzo kwenye mwaka ambao si wake.

Mtauliza kwa nini sikusahihisha wakati ule. Nilikwenda, nikakuta ofisi imehamia jengo lingine, yule afisa naye amepunguzwa, vitabu vyetu viko kwenye magunia chini ya ngazi. Nikamwambia mtu mmoja mezani, akaniambia, "Mama, hivyo hakuna anayevisoma tena." Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilirudi mlimani nimepoa moyo. Kumbe siku moja mtakuja kuvitoa kwenye magunia na kuviingiza kwenye kompyuta, namba moja baada ya nyingine, na zangu zikiwa zimekaa vizuri kuliko za mtu yeyote.

Imebaki moja. Mama yetu alipofariki Agata alikuja kuzika. Usiku wa tatu wa matanga nilishindwa kuendelea kubeba, nikamwambia. Nikamwambia ile siku ya kikao kitabu kilikuwa cha uongo, sikuwa nasoma, siku za soko nilikuwa nanakili. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Najua, dada."

"Unajua tangu lini?"

"Nyumba nzima tumekua kwa saa zako. Saa tatu mtoni, saa kumi mtoni. Na saa tatu za Jumanne na Alhamisi na Jumamosi ulikuwa na mimi sokoni. Ningeacha kujua vipi?" Akatoa kokoto akaitupa. "Pale darasani nilikusubiri useme. Nikaona huwezi. Nikasema basi, kabichi zitapandwa tena mahali pengine, dada yangu hatapandwa tena."

Neno moja tu lake mbele ya afisa lingempa maji. Akakaa chini ili nisianguke.

Sasa nimesema, na sitaki mnipe pole. Kile kipande chote, kuanzia masika niliyoanza soko mpaka siku Agata alipoondoka, kiacheni wazi. Pasiwe na mstari hapo, msipaunganishe ili papendeze. Wanaokuja wakiona shimo wataulizia, na kuulizia ni kazi nzuri kuliko kuamini. Ila katikati ya lile shimo ninayo siku moja ambayo niliuona mto kwa macho yangu, siku ya kikao, na hiyo naomba muiandike kama Mzee Pius alivyonifundisha. Tarehe mtaipata kwenye karatasi za shule, walifunga darasa la tatu siku hiyo. Saa nane mchana, si saa yake, lakini iandikeni.

Mto Luhembe. Bao kavu. Msomaji, Skolastika. Shahidi, Agata.